Gesi ya Mombasa, Hewa ya Nairobi

Sinywi bia. Naliweka hili mbele mapema kwa sababu watu wakisikia kazi yangu ni kufunga mitambo ya bia ya pipa, ile tunayoiita drafti, huanza kunitania kwamba bila shaka nawapimia wateja kwa mdomo wangu. Nyumbani kwetu Kisauni pombe haiingii, na mama bado huwaambia majirani kuwa mwanawe ni fundi wa friji. Si uongo. Nilisomea majokofu, nikaanzia kwenye mashine za barafu za hoteli za Nyali na Diani, na mipira ya bia ikanijia tu kwa vile ilipita ndani ya mashine zile zile za kupoza. Ila kutokunywa kuna faida yake. Mimi siwezi kuonja nikasema iko sawa, twende. Sharti nipige hesabu.

Hesabu ndiyo iliyonipeleka Nairobi. Mama mmoja mwenye baa, mteja wangu wa Mombasa, alikuwa amefungua tawi la pili huko bara. Lile la Mombasa nililifunga mimi: mapipa katika chumba cha baridi, mipira ya mita thelathini hivi hadi kaunta, na ukutani kisanduku cha kuchanganya gesi. La Nairobi lilifungwa na fundi mwingine, naye alinakili kila kitu nilichofanya mimi. Urefu wa mipira ule ule, kisanduku kile kile, hata geji ikatiwa pale pale nilipoitia mimi. Akanipigia simu jioni moja.

"Fundi, nataka uje unihakikishie jambo. Huyu mzee wangu wa kaunta anatia maji kwenye bia."

"Umemwona, mama?"

"Sijamwona. Lakini wateja wanalalamika. Pipa likifunguliwa ni sawa, siku ya nne au ya tano bia ni dufu kabisa, kama maji. Nimeshamkata mshahara miezi miwili. Nataka ushahidi ndipo nimfukuze."

Kwa hiyo sikuitwa kutengeneza mtambo. Niliitwa kutoa ushahidi dhidi ya mtu ambaye sijawahi kumwona, mtu mwenye watoto wawili sekondari, kama nilivyokuja kujua. Nikakata tiketi ya treni.

Kabla sijafika huko, acha nieleze kwa nini baa inahitaji kuchanganya gesi hata kidogo, maana wengi hudhani kile kisanduku ni pambo.

Bia ikitoka kiwandani ina gesi ndani yake, hewa ukaa iliyoyeyuka. Laga ya kawaida hubeba lita 2.5 hivi za gesi katika kila lita ya bia. Gesi hiyo haikai ndani kwa hiari. Inakaa kwa sababu juu ya bia, ndani ya pipa, kuna gesi nyingine ya aina hiyo hiyo inayoibana isitoke. Ukipunguza mbano, inatoka. Ukizidisha, inaingia zaidi. Bia ikiwa na baridi ya nyuzi 3, mbano unaohitajika ili isitoke wala isiingie ni karibu bar 1.8, ukihesabu kila kitu, pamoja na uzito wa hewa ya duniani. (Ndiyo, kipimo kinaitwa bar na mahali panaitwa baa. Mzaha huu nimeusikia kwa kila mwanagenzi niliyemfunza, na kila mmoja alidhani ni wake.)

Sasa, pipa likikaa chini ya kaunta, mbano huo unatosha pia kuisukuma bia hadi kwenye koki. Lakini likikaa chumba cha chini, na koki ziko ghorofani, mita thelathini za mpira mbali, unahitaji nguvu zaidi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu gesi ile ile ina kazi mbili zisizopatana: kuituliza bia na kuisukuma. Ukisukuma kwa hewa ukaa tupu yenye nguvu ya kufika ghorofani, kila siku itaingia kidogo kidogo ndani ya bia, na baada ya siku kadhaa mhudumu anajaza povu kwenye glasi na kumwaga nusu yake kwenye sinki.

Dawa ni naitrojeni. Naitrojeni haipendi kuyeyuka ndani ya bia. Inasukuma tu, kama kuli anayebeba mzigo hadi mlangoni bila kuingia ndani. Watu wawili wa Manchester, John Dalton na William Henry, walishatupa kanuni zote tunazohitaji mwanzoni mwa miaka ya 1800. Dalton alionyesha kwamba katika mchanganyiko kila gesi hubana kwa sehemu yake, kana kwamba nyingine hazipo. Henry alionyesha kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hufuata mbano wa gesi hiyo. Ukiunganisha hizo mbili umepata mtambo mzima wa bia: chagua nguvu ya kusukuma kufuata safari ya mpira, kisha chagua asilimia ya hewa ukaa ili sehemu yake peke yake iwe ile 1.8.

Mombasa nilifanya hivyo. Mipira ile ilitaka geji isome 1.5. Juu yake unaongeza hewa ya duniani, ambayo pwani ni karibu bar 1 kamili. Jumla 2.5. Gawanya 1.8 kwa 2.5, unapata asilimia 72. Visanduku vya kuchanganya vingi huja vimefungwa kiwandani kwa uwiano maalumu, 60 kwa 40 au 70 kwa 30, hewa ukaa ikitajwa kwanza. Nikachagua cha 70. Karibu kabisa, na mapipa ya Mombasa huisha kwa siku mbili, kwa hiyo ile tofauti ndogo haipati muda wa kuonekana.

Ukipanda treni ya asubuhi Mombasa ukiwa na pakiti ya krispsi, iangalie tena ukifika Athi River. Imevimba kama mto wa kulalia. Hakuna aliyeongeza kitu ndani. Hewa ya nje ndiyo imepungua. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake hubana kwa bar 0.83 hivi badala ya ile moja ya pwani. Na geji, hiki chombo tunachokiamini kama kadhi, haipimi mbano wote. Inapima tofauti tu kati ya ndani ya mpira na nje. Geji inayosoma 1.5 Mombasa na inayosoma 1.5 Nairobi zinasema namba moja juu ya mambo mawili tofauti.

Nilipiga hesabu hiyo kwenye treni, nyuma ya tiketi. 1.5 na 0.83 ni 2.33. Asilimia 70 yake ni 1.63. Bia inataka 1.8. Maana yake ni kwamba ndani ya kila pipa la Nairobi, tangu dakika lilipounganishwa, gesi ilikuwa inatoka kwenye bia polepole, ikitafuta kulingana na 1.63. Siku ya kwanza hutambui. Siku ya tano, pipa likiwa limebaki robo na nafasi tupu juu ya bia ni kubwa, bia iliyokuwa na 2.5 inaelekea 2.3 au chini kidogo. Mnywaji hajui namba hizo, lakini ulimi wake unajua kuna kitu kimeondoka, na neno analolipata kwanza ni maji.

Nikifika nikiwa na jibu mfukoni, bado nilijua halitoshi. Mtu akishaamini ameibiwa, hesabu ya bar haimtoi huko.

Mzee wa kaunta alinipokea kwa adabu ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. "Karibu, fundi. Nimeambiwa umekuja kwa ajili yangu." Nikamwambia, "Nimekuja kwa ajili ya bia, mzee. Naomba unisaidie." Akafuta mikono, akanipeleka kwenye mapipa.

Tulianza na vitabu. Pipa la lita 50 hutoa glasi 100 za nusu lita, ukitoa povu na kusafisha mipira unabaki na tisini na kitu. Mashine ya risiti ilionyesha 94, 93, 95. Anayetia maji anapata glasi nyingi, hapati chache. Mama alilijibu hilo mara moja, na nilimheshimu kwa jibu lake: "Zilizozidi anauza bila risiti."

Basi tukaenda kwenye kioo. Nina haidromita, ndugu ya kile kijiti cha kioo ambacho mafundi wa magari hutumia kupima maji ya betri. Kinaelea, majimaji yakiwa mazito kinapanda, yakiwa mepesi kinazama. Nilichota bia kutoka pipa lililofunguliwa asubuhi hiyo, na nyingine kutoka pipa la siku ya tano, nikazikoroga zote mpaka gesi ikaisha, nikaziacha zipate joto sawa la chumba. Mama akasimama pale pale. Nilimwomba asome mwenyewe. Ya kwanza 1.008. Ya pili 1.008. Ingekuwa moja ya tano ni maji, ya pili ingeshuka karibu na 1.006, na kijiti kingezama mbele ya macho yake.

Alikaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa la haki: "Kama si maji, mbona Mombasa haifanyi hivi?"

Hapo sikutumia Dalton. Nilimuuliza maharagwe yake huiva kwa muda gani Nairobi na kwa muda gani akiwa Mombasa. Alicheka kwa mara ya kwanza. Kila mama wa Nairobi aliyewahi kupika pwani anajua: huku juu maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe yanakaa motoni hadi mtu anachoka. Hewa nyepesi haiyabani maji, yanakurupuka kabla ya kupata moto wa kutosha. Nikamwambia bia nayo ni hivyo hivyo. Gesi yake inakurupuka kwa sababu hewa ya hapa haisaidii kuibana, na kisanduku chako kilinunuliwa kwa hewa ya Mombasa.

Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya ununuzi, na hapa niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya ushauri unaotolewa kwenye biashara hii hutolewa na anayeuza mitungi. Mmoja alikuwa ameshampigia simu. Alimtaka aachane na kisanduku kabisa, achukue mtungi uliochanganywa tayari, asilimia 30 hewa ukaa na 70 naitrojeni, "mmoja kwa bia zote". Ni mtungi mzuri kwa bia moja: stauti ya naitrojeni, ile ya povu laini kama maziwa ambayo Michael Ash, mwanahisabati aliyefanya kazi Guinness, alisaidia kuifikisha kwenye koki mwaka 1959. Stauti ile hubeba gesi kidogo sana tangu mwanzo. Laga ukiifunga kwenye mtungi huo, hapo Nairobi, sehemu ya hewa ukaa inakuwa 0.7 dhidi ya 1.8 inayohitajika. Mzee wa kaunta angefukuzwa kabla ya Ijumaa.

Kwa nini basi wauzaji hawaleti mtungi uliochanganywa kwa 70? Wanaweza, lakini haulipi. Hewa ukaa ikibanwa hadi bar 57 hivi katika joto la kawaida hugeuka majimaji, wakati naitrojeni hujazwa hadi bar 150 au 200 ikiwa bado gesi. Ukitaka hewa ukaa nyingi kwenye mchanganyiko, huwezi kuujaza mtungi sana, la sivyo sehemu moja itakuwa maji chini na uwiano unaotoka juu ni wa kubahatisha. Unabeba chuma kizito kwa gesi chache. Kwa hiyo mitungi ya tayari huwa ya stauti, na inauzwa kwa kila mtu.

Kulikuwa pia na pendekezo la jamaa mmoja wa karibu na familia: kompresa ya kawaida, kama ya kujazia matairi, badala ya naitrojeni, kwani hewa si naitrojeni tupu karibu? Karibu. Moja ya tano ni oksijeni, na oksijeni huifanya bia inuke karatasi iliyolowa ndani ya siku chache. Nilikataa kwa neno moja.

Mashine ya kuchuja naitrojeni kutoka hewani ni jambo jingine, na kwa baa kubwa naipenda. Inaondoa safari za mitungi. Lakini hakikisha usafi wake ni asilimia 99.7 na kuendelea, na kumbuka kwamba inakula umeme. Umeme ukikatika Jumamosi saa tatu usiku, tangi lake dogo likiisha, koki zinanyamaza. Kisanduku cha kuchanganya cha kawaida hakihitaji waya hata mmoja. Ni vali na chemchemi, kinaendeshwa na mbano wa mitungi yenyewe. Kwa baa ya koki sita, Nairobi, nilimwambia abaki na mitungi miwili na kisanduku.

Na kisanduku gani? Hapa nina ukaidi wangu. Watu huuliza bei, kisha uwiano. Mimi huuliza kwanza: gesi moja ikiisha, kinafanya nini? Kisanduku kizuri hufunga zote mbili. Bia inasimama, mhudumu analaani, anabadilisha mtungi, yamekwisha. Kibaya huendelea kutoa ile iliyobaki. Ikibaki naitrojeni, bia zote zinakufa polepole. Ikibaki hewa ukaa, zote zinageuka povu. Na hakuna anayejua hadi kesho yake, na anayelaumiwa unamjua. Kile cha Nairobi, nilikijaribu kwa kufunga mtungi mmoja baada ya mwingine. Kilifunga mara zote. Fundi aliyetangulia alikuwa amenunua kitu kizuri, alikosea mji tu.

Hivyo hatukununua kipya kwa laga. 1.8 ukiigawa kwa 0.7 ni 2.57, toa hewa ya Nairobi, geji isome 1.74. Nikaipandisha. Bia ikaanza kutoka kwa kasi kuliko koki inavyotaka, basi nikaongeza karibu nusu mita ya mpira mwembamba mwishoni ili uipunguze mwendo. Kwa stauti aliyokuwa akiiota, nikamwandikia kisanduku cha pili, cha uwiano wake, kisichoshirikiana na cha kwanza. Uwiano mmoja kwa bia zote ni maneno ya wauzaji.

Jambo lililonikosesha usingizi usiku ule halikuwa bia. Mitungi ilikuwa chini, katika chumba cha mita tatu kwa nne kisicho na dirisha, pamoja na viroba vya mkaa na viti vilivyovunjika. Mtungi wa kilo 10 wa hewa ukaa ukivuja wote hutoa zaidi ya lita 5,000 za gesi. Chumba kile kina lita 30,000 hivi. Hewa tunayovuta ina asilimia 0.04 tu, ikifika 10 mtu huzimia kwa dakika chache, na hapo ingezidi 15. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji ya mafuriko, na anayeshuka kumwokoa aliyeanguka huanguka juu yake. Naitrojeni ni mbaya kwa namna yake: haikupi hata ile hisia ya kukosa pumzi. Anayeshuka mle mara kumi kwa siku ni mzee wa kaunta.

Nilimwambia mama kwamba sitawasha mtambo bila king'ora cha hewa ukaa, kimoja chini kwenye usawa wa magoti, na taa yake nje ya mlango ili mtu aone kabla hajaingia. Alisema gharama zimezidi. Nikamwambia achukue kwenye pesa alizokuwa azitumie kununua kisanduku kingine. Alinitazama, halafu akamtazama mzee, ambaye alijifanya anapanga glasi.

King'ora kilifungwa baada ya siku tatu. Pipa la kwanza chini ya 1.74 lilimaliza siku ya sita, na mzee akanitumia picha ya glasi ya mwisho, povu limesimama vidole viwili, bila neno lolote. Mshahara aliokatwa alirudishiwa wa mwezi mmoja. Wa pili, aliambiwa, utakuja.

Mwezi uliopita mama amenipigia tena. Anafungua Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, na fundi wa huko ameshamtumia bei. Aliniuliza kama ni kisanduku kile kile na geji ile ile. Nikamuuliza kwanza chumba cha mitungi kiko juu ya ardhi au chini, na mpira una mita ngapi. Akasema atampigia mzee wa kaunta akaangalie, amemhamishia huko.